Kuku Aliyevaa Saruji

Dos Norias, New Mexico
14 Februari 1993

Bibi yangu Ignacita,

Shikamoo. Huku tu wazima, ukiacha goti la baba ambalo siku hizi linatabiri theluji kuliko redio. Mbuzi wa jirani amezaa pacha, na mmoja ana masikio ya Padre Benigno, naapa, hata padre mwenyewe alipomwona alicheka. Shangazi Fidelia anakutunza vizuri huko Pueblo? Baba anasema masikio yako yamekataa simu kabisa, kwa hiyo nimeshika kalamu. Kusema kweli nimefurahi. Unanijua mimi na simu. Mtu akiipokea tu, maneno yananitoka mbio kama sungura.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Kuku anaumwa.

Jumanne kipande cha mkia wake kilidondoka, kikubwa kama mlango wa friji. Hakikumpata mtu. Lakini kulikuwa na msafiri amesimama kumpiga picha (bado wanasimama, Bibi, wale wachache wanaoiacha barabara mpya na kupita kwenye yetu ya zamani), naye akaenda kusema mjini. Alhamisi akaja mkaguzi wa majengo wa kaunti, Bwana Haskell, mrefu, mpole, anazungumza kama mtu aliye msibani. Akamzunguka kuku, akaingia tumboni kwa mlango wa kifuani, akakaa humo kitambo, akatoka akabandika karatasi nyekundu mlangoni. Karatasi inasema jengo ni hatari. Lisipotengenezwa likawa salama kufikia mwisho wa Septemba, kaunti italibomoa.

Baba aliisoma, akasema, "Kuku keshazeeka. Mwacheni afe."

"Lakini baba..."

"Delfina, mkahawa umefungwa tangu babu yako afariki. Nani anakula humo? Panya."

Sikumjibu. Huwa simjibu mtu. Shuleni nasema Kiingereza, nyumbani nasema Kihispania, na nikisimama mbele ya watu lugha zote mbili zinanikimbia, nabaki na mate tu mdomoni. Ila nitakuambia jambo ambalo sijamwambia yeyote. Kila nikitoka shule naingia tumboni mwa kuku kufanya kazi zangu, na humo ndani naongea kwa sauti. Naongea na viti vya kaunta. Naviambia nani kanicheka, nani simpendi, ningemjibu nini kama ningekuwa mtu wa kujibu. Viti vile vimenisikia kuliko darasa zima. Wakimbomoa, sijui nitaongea wapi.

Baba mwenyewe anasema kuku ni wako, hati ina jina lako. Tufanyeje, Bibi?

Mjukuu wako,
Delfina


Pueblo, Colorado
3 Machi 1993

Delfina mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa Fidelia ananipikia bila chumvi kwa amri ya daktari, basi nakula kama ng'ombe anayetafuna gazeti. Dirisha langu linatazama ukuta. Ni ukuta mzuri, sina la kuusema. Mpe baba yako Eliseo pole ya goti na umwambie alikande kwa maji ya moto, aache kujifanya kijana.

Nimesoma habari ya mkia. Nikairudia. Nikaenda kunywa maji.

Wewe humjui kuku alivyozaliwa, kwa hiyo nikuambie. Baba mkwe wangu Telesfor alimjenga mwaka 1938. Nchi ilikuwa imekauka, watu wa mashariki wanapita na magodoro juu ya magari kwenda California, na kila mtu mwenye ukuta kando ya barabara alitaka kuwauzia chakula. Watu wakamwambia, "Telesfor, jenga mkahawa kama watu." Akasema, "Mkahawa kama watu utapitwa kama watu." Alikuwa amebakiwa na kuku mmoja tu, anaatamia bandani, hasimami hata umpige teke. Telesfor akachuchumaa kumtazama mchana kutwa. Jioni akasema, "Huyu ndiye." Wakamjenga kwa matofali mabichi, wakiyavuta ndani kidogo kidogo kama tanuri la mkate, kishungi wakakikata kwenye bati la lori lililokufa, wakalipaka rangi nyekundu.

Wanaume walijenga. Kukandika ilikuwa kazi yetu, ndivyo ilivyo kwetu tangu zamani. Kila mwaka Pasaka ikipita tulimkandika upya, udongo na mabua ya ngano, kwa viganja vitupu. Tulitaniana kutoka kichwani mpaka mkiani. Na kama wawili wana ugomvi, tuliwapeleka wote wawili kwenye mkia, maana pale hapatoshi watu wawili bila kushikana. Walishuka wamepatana, au wameanguka. Wasafiri walisimama kututazama, wakaingia kula mayai na pilipili ya kijani, wakaondoka wakilia machozi kwa ukali wake na kutusifu.

Halafu babu yako Abrán akaleta saruji, kukandika kukaisha. Basi.

Kama theluji bado ipo, msisahau kufunika mabomba.

Bibi yako


Dos Norias
28 Machi 1993

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mabomba tumeyafunika. Goti la baba limekandwa, ingawa alipiga kelele kama anayezaliwa. Mbuzi mwenye masikio ya padre amekula soksi yangu ya kushoto.

Nina mengi, nitayasema kwa mfululizo nisije nikaogopa nikaacha.

Wiki mbili zilizopita lori dogo la bluu lilisimama mbele ya kuku. Nilikuwa ndani. Nikajificha nyuma ya kaunta. Mwanamke akaingia, nywele za mvi zimefungwa kwa kamba ya viatu, akachungulia moja kwa moja nilipokuwa, akasema, "Unajificha au unauza?"

Anaitwa Eufemia Roybal. Kazi yake ni kutengeneza majengo ya kale ya udongo, makanisa hasa, lakini anachokipenda ni vioja vya barabarani. Anavitafuta jinsi wengine wanavyotafuta uyoga. Baba alipoona ni mtu wa heshima akaniruhusu, nimekwenda naye Jumamosi mbili. Bibi, barabara yetu ina mambo! Tumeona kituo cha mafuta chenye umbo la kiatu cha mchunga ng'ombe, unalipa kisiginoni. Tumeona hoteli ambayo kila chumba ni mkokoteni wa zamani wenye paa la turubai. Kuna mnara wa chupa aliojenga kinyozi mmoja baada ya mke wake kumkataza kunywa, upepo ukivuma unaimba wote kwa pamoja. Niliucheka mpaka nikasahau kwamba niko na mtu nisiyemzoea.

Halafu akanipeleka mahali pasipo na kitu. Sakafu tu, vigae vyeusi na vyeupe, magugu yameota katikati. Akasema hapo palikuwa na mkahawa wenye umbo la birika la kahawa, na moshi wa jiko ulitokea mdomoni mwa birika. "Kaunti nyingine," akasema, "karatasi nyekundu ileile." Nilisogea pale mlango ulipokuwa, nikajikuta nimeinua mguu kuvuka kizingiti ambacho hakipo. 

Tuliporudi akamgonga kuku kwa kifundo cha kidole, huku akisikiliza kama daktari. Kifuani, mlio wa mtungi mtupu. Akaomba ruhusa kwa baba, akatoboa tundu dogo kwenye saruji. Maji yakatoka, Bibi. Hapakuwa na mvua kwa wiki nzima, na maji yakatoka. Udongo wa ndani umelowa kama unga uliokandwa.

Anasema udongo unataka kupumua. Saruji haipumui. Maji yanaingia kwenye nyufa, yanakosa pa kutokea, na miaka yote hii kuku wetu amekuwa akizama akiwa amesimama. Anasema hata makanisa yamefanyiwa hivyo, watu walidhani wanayavika koti. Dawa ni moja. Kuvunja saruji yote, kumwacha akauke, kumkandika upya kama zamani.

Baba akasema, "Saruji hiyo aliiweka baba yangu kwa mikono yake. Siigusi. Na wewe huigusi mpaka mama aseme."

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Unaruhusu?

Na jambo jingine. Sheria za kaunti hazijui udongo, lazima madiwani wakubali kwanza, kikao ni Mei ishirini. Bi Roybal si mwenye mali, anayeomba lazima awe mtu wa familia. Baba akasema hatakwenda kuwapigia magoti wale. "Wewe ndiye uliyemleta mama wa lori. Kaseme wewe."

Alijua siwezi. Ndiyo maana alisema.

Nakungoja,
Delfina


Dos Norias
25 Aprili 1993

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima. Pasaka ilikuwa nzuri, ila kiti chako tulikiacha wazi na mbwa akakikalia.

Hujajibu. Nilidhani posta, lakini shangazi Fidelia ametuma kadi anasema barua yangu ilifika, unailalia chini ya mto, na akikuuliza unasema habari za mabomba. Nimeudhika, nakuambia ukweli. Kila siku naenda kwenye sanduku la posta, mwenye posta ananitazama kwa huruma, mimi siwezi hata kumwambia asinitazame.

Kama hutaki, sema hutaki. Nitalia, halafu nitakoma. Lakini usininyamazie. Kunyamaza ninakujua mimi, ni kazi yangu, na ninajua mtu hanyamazi kwa sababu hana la kusema.

Kipande kingine kimeanguka. Bawa la kushoto.

Delfina


Pueblo
8 Mei 1993

Delfina,

Nimechelewa. Posta usiilaumu, ni mimi.

Fidelia mzima, na ni vizuri nianze na huyo, maana habari hii ni yake pia. Mwaka 1961 nilikuwa mgongoni mwa kuku, udongo mkononi, mimba ya Fidelia ya miezi sita tumboni. Nilikatazwa kupanda, nikapanda, maana hakuna aliyejua kulainisha shingo kama mimi. Ngazi ikateleza. Mtoto hakudhurika, ana kichwa kigumu tangu hapo. Mimi bega lilivunjika, na kwa siku kadhaa hawakujua kama nitaamka vizuri.

Abrán alikaa kando ya kitanda. Hakusema neno. Babu yako hakuwa mtu wa maneno, wewe ukimya wako hukuuokota barabarani. Nilipoanza kula, akatoka, akauza farasi wake, akarudi na saruji. Majira yale yote ya joto alimpaka kuku peke yake. Mwanamume anafanya kazi ya wanawake! Watu walisimama wakamcheka, "Abrán, leo umevaa sketi?" Hakuwajibu. Alipomaliza alikuja na mikono imechanika, akasimama mlangoni, akaniambia, "Hutapanda tena." Akaenda kunawa.

Ndivyo, mjukuu wangu. Wengine hupewa pete. Mimi nilipewa saruji. Tangu azikwe, nilipokuwa bado huko, nilikuwa naweka kiganja ukutani ninapopita, panakuwa na joto la jua, mimi nasema ni yeye. Na sasa unaniomba niseme ivunjwe kwa nyundo.

Nilikukasirikia. Nikamkasirikia huyo Roybal, kisha maji. Kisha nikachoka kukasirika, nikamuuliza Abrán mwenyewe. Hakunijibu, kama kawaida yake, lakini nilikaa naye miaka mingi, najua anavyonyamaza akikubali. Alitaka mimi nisianguke. Hakutaka kuku aanguke. Angejua, angeivunja mwenyewe, na angewaambia nyote mkae mbali.

Vunjeni. Msipige kwa hasira tu.

Sasa madiwani. Usiseme na watu wote, hakuna awezaye. Mkahawani nilikuwa nikiingia asubuhi nakuta meza zimejaa, nikitaka kuhudumia wote napotea. Nikajifunza kutafuta mmoja, mwenye njaa kuliko wenzake. Mwenye njaa hajulikani kwa tumbo, hujulikana kwa macho. Mhudumie huyo. Wengine watakusikia tu.

Na uvae viatu, si raba.

Bibi yako


Dos Norias
23 Mei 1993

Bibi wewe!

Shikamoo mara nyingi. Baba mzima, mbuzi wazima, wote wazima, siwezi kungoja.

Nilivaa viatu. Vilinibana. Ukumbi ulijaa, Bibi, kwa sababu Bi Tránsito, mwenzako wa zamani, aliwapitia watu nyumba kwa nyumba akawaambia binti wa Eliseo anakwenda kusema, nadhani wengi walikuja kuona muujiza. Tuliwekwa mwisho kabisa, baada ya mambo ya mifereji. Mwenyekiti akaita jina. Nikasimama. Kiingereza kikaondoka. Nikageukia Kihispania, nacho hakipo. Nikasimama tu. Mtu akakohoa. Mwenyekiti akasema, "Binti, umeshamaliza?" Ukumbi ukacheka.

Ningeweza kukaa chini pale, na nisiwe na wa kunilaumu. Badala yake nikawatazama madiwani mmoja mmoja, nikatafuta macho. Nikamwona Bwana Teague, mwenye mifugo, yule mwenye mashavu. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani kama mtu anayeitazama nyama choma.

Nikasema, "Bwana Teague, umekula?"

Akashtuka. "Nani, mimi? Bado. Tangu asubuhi."

"Basi baba wa babu yangu alimjenga kuku yule kwa ajili yako."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa upande wangu, kumbe mtu anaweza kusikia tofauti! Nikaendelea kusema naye yeye tu. Nikamwambia habari za magodoro juu ya magari, za kuku anayeatamia, za ngazi, za saruji na kwa nini iliwekwa. Nikamwambia maji yalivyotoka. Kiingereza kiliponipotea nikachukua Kihispania, kilipopotea nikarudi, nusu ya ukumbi wakawa wanawatafsiria nusu nyingine. Nikamwambia habari za sakafu yenye vigae vyeusi na vyeupe. Hapo Bwana Teague akaacha kutazama saa. Akasema taratibu, "Birika. Mama yangu alinipeleka pale kila nikipata alama nzuri. Sikupelekwa mara nyingi."

Walipiga kura. Tumekubaliwa, Bibi! Udongo! Lakini lazima Bwana Haskell amkague tena mwisho wa Septemba, baada ya mvua. Na Bwana Teague, ambaye alituunga mkono, hakuweza kujizuia. "Mpeni mtoto muda wake. Ila nakuambia binti, kuku wa matope akinyeshewa na mvua ya Julai anageuka mchuzi!"

Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Sikujua amekuja. Alituendesha mpaka nyumbani. Akazima injini, akasema, "Mama amekuandikia nini kuhusu saruji?" Nikampa barua yako. Aliisomea garini. Mimi nikaingia ndani, maana kuna mambo mtu asiangaliwe.

Kesho yake alichukua nyundo ya babu. Bi Roybal alikuwa ameshajiweka tayari kifuani mwa kuku. Baba akamwambia, "Samahani, mama. Aliianza baba yangu. Mimi ndiye nitakayeimaliza." Akapiga mara ya kwanza.

Njoo uone, tafadhali.

Delfina


Pueblo
6 Juni 1993

Mwanangu,

Nimesoma barua yako kwa sauti kwenye ukumbi wa chini, mbele ya vikongwe wote wa jengo hili. Wamepiga makofi. Mmoja ambaye hatusemezani aliniomba nirudie pale pa saa.

Mwambie Teague kwamba baba yake alikula kwangu kwa mkopo akaniambia pilipili yangu ni tamu kama peremende, huku anajifuta machozi kwa kofia. Mchuzi atakuwa yeye.

Udongo mchukue kwenye korongo, nyuma ya makaburi, si ule wa mtoni. Mabua yakatwe mafupi. Mjaribu kwanza ukutani kwa ndani.

Usiniombe kuja. Niko vizuri na ukuta wangu.

Bibi yako


Dos Norias
22 Agosti 1993

Bibi,

Shikamoo. Goti la baba limepona, au amelisahau. Mimi mikono yangu imekuwa ya mwanamke mzima, nikiandika naisikia ikikwaruza karatasi.

Tulimvua saruji yote. Kuku akakaa uchi kwa wiki nyingi, akikauka, rangi ya mkate. Bi Roybal alitufundisha kubadilisha matofali yaliyooza kifuani na mkiani. Kisha wanawake wakaja. Bi Tránsito ndiye pekee aliyewahi kukandika nawe, wengine ni wajukuu na wake wa wajukuu, hakuna anayejua kitu na kila mmoja anaamuru.

Tukakosea. Bi Roybal alikuwa ameitwa kwenye kanisa analolitengeneza, sisi kwa haraka yetu tukachanganya udongo wa kunata mno, mabua kiduchu, na hatukujaribu kwa ndani ulivyosema. Ulipendeza! Uling'aa! Siku ya pili jua likaupiga, ukapasuka wote toka kishungini hadi chini. Mimi nilitaka kujitupa mtoni. Bi Tránsito akatazama muda mrefu, akajishika shavu lake, akasema, "Haya, tumempaka sura yangu." Tulicheka tukashindwa kusimama. Kisha tukaukwangua wote, tukaanza upya, mabua mengi.

Barabarani wakaanza kusimama. Familia kutoka Nebraska waliuliza tunafanya nini, mimi ndiye niliyewajibu, sikuwa na wakati wa kuona haya, mikono yangu ilikuwa imejaa. Walibaki siku mbili kubeba ndoo. Waendesha pikipiki wenye ndevu walikandika bawa la kulia kwa adabu kama wanaosuka mtoto nywele. Ugomvi ulipotokea kati ya wake wa binamu wawili, niliwapeleka mkiani. Inafanya kazi, Bibi.

Shingo nililainisha mimi. Baba alishika ngazi kwa mikono miwili, hakuiachia hata nzi alipotua puani mwake.

Mvua haikuja Julai. Ilikuja Agosti, kwa deni la Julai. Mawe ya barafu kwanza, kisha maji ya kumwaga. Tulijibana barazani kwetu, tukatazama. Maji ya kahawia yakaanza kumtiririka kifuani, yakajaa njiani, nikamsikia Bwana Teague masikioni mwangu na mchuzi wake. Nikaanza kulia. Baba akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Bado anaatamia. Tazama. Hajainuka."

Asubuhi Bi Roybal alikuja na lori lake akaendesha kwenye matope mpaka mlangoni. Akachokonoa kifua kwa kisu. Umelowa juu juu tu, kina cha ukucha. Ndani pakavu. Akaniachia nami nichokonoe. Pakavu! Ameondokewa na ngozi nyembamba, hiyo tutaipaka tena kila mwaka, ndiyo maana mlikuwa mnampaka kila mwaka. Sasa nimeelewa. Nilidhani ilikuwa usumbufu.

Sikuombi uje. Nakuambia tu kwamba ukuta ukiushika mchana una joto lake.

Delfina


Dos Norias
1 Oktoba 1993

Bibi Ignacita, bibi wa kuku,

Shikamoo na vigelegele.

Bwana Haskell alikuja jana. Alimzunguka, akaegemeza bega lake kwenye kila ukuta na kusukuma kwa nguvu zake zote mpaka shingo ikawa nyekundu. Akaingia ndani, akakaa humo kitambo kama mara ya kwanza. Nje tulikuwa mji mzima tukingoja. Akatoka. Akaikwangua karatasi nyekundu mwenyewe kwa kucha, akaikunja akaiweka mfukoni. Akasema kwa sauti yake ya msibani, "Limepita." Watu hawakuelewa kama ni habari njema mpaka alipotabasamu, na hapo, Bibi, kofia zote za Dos Norias zilikuwa hewani. Baba alimkumbatia Bi Roybal, Bi Tránsito akamkumbatia mkaguzi, mkaguzi hakujua aweke wapi mikono.

Katikati ya kelele gari likasimama. Bwana Teague na mke wake. Akashuka, akamtazama kuku kutoka kishungini hadi chini, hakusema lolote juu ya mchuzi. Akauliza, "Mmefungua?"

Hatukuwa tumefungua. Jiko halijawashwa tangu babu afariki, sahani zina vumbi, ndani hamna hata kitunguu.

"Tumefungua," mtu akasema kwa sauti kubwa.

Baba aligeuka. Bi Roybal aligeuka. Hata mimi niligeuka kutazama nani amesema, kumbe ni mimi.

Basi nikafungua mlango, nikawapeleka kwenye kaunta, watu wakakimbia nyumbani kuleta mayai, mkaa, mikate ya tortila, pilipili. Nilipika mimi. Nilipika mpaka mayai yakaisha mjini. Mafuta ya nguruwe hatukuwa nayo, nikatumia ya mahindi ya dukani, na pilipili tuliyopata ni ya kopo, lakini walikula wote, wengine wamesimama, wengine wamekaa nje chini ya bawa. Nilikuwa napiga kelele kuita sahani. Mimi, Bibi! Viti vilijaa watu, vikanisikia mbele yao.

Jumamosi tunafungua tena. Baba anapaka rangi kibao.

Mjukuu wako,
Delfina


Pueblo
5 Oktoba 1993

Delfina,

Mimi mzima, Fidelia mzima, ukuta mzima. Nimesoma barua yako ukumbini, vikongwe wamelia, mmoja ameomba anwani.

Nilipofika kwenye mafuta ya mahindi nilinyamaza, nikawaambia macho yamechoka. Sikuweza kuwasomea. Mafuta ya dukani! Pilipili ya kopo! Ndani ya kuku wa Telesfor, mbele ya mtoto wa yule mwenye kofia!

Nakuja Alhamisi. Fidelia ananileta, masanduku yote, kitanda atakiuza. Msifikiri nakuja kwa ajili ya kuku. Kuku amesimama, mmefanya kazi nzuri, Abrán angekutazama kwa muda mrefu bila kusema kitu na wewe ungeelewa.

Nakuja kwa ajili ya mayai.

Bibi yako,
Ignacita